Tarishi wa Bafu la Zamani

Ukurasa ulichelewa kufunguka, na ulipofunguka ulikuwa na kosa moja dogo.

Karani wa kituo cha uzazi alikuwa amefungua faili la binti yake mwenyewe. Hakuwa na haja nalo. Fundi wa mtandao ndiye aliyemwambia, "Dada, nifungulie faili lolote tujaribu," na yeye akaona si vizuri kuchezea faili la mtoto wa mtu ambaye bado yuko wodini, na mama yake hata usingizi hajaupata. Kwa hiyo akaandika jina kamili la Chiriku. Chiriku alizaliwa hapohapo miaka minne nyuma, na faili lake lilishafungwa. Likiharibika, alijiambia, limeharibika la nyumbani kwangu.

Uzito ulikuwa sawa. Saa ya kuzaliwa ilikuwa sawa. Lakini kila faili pale kituoni lina mstari wa mwisho, unaojazwa siku mtoto anaporuhusiwa, na hakuna mtoto anayetoka getini kabla mstari huo haujasomwa kwa sauti mbele ya mama. Kwa Chiriku matroni mwenyewe aliandika "mama yake". Sasa ulisomeka hivi:

Amechukuliwa na: mwenyeji.

"Fundi," karani alisema, "hili neno umeliweka wewe?"

Fundi aliinama, akasoma, akakuna kidevu. "Mimi nagusa waya, dada, siandiki watoto. Hiyo ni kumbukumbu ya zamani ya kivinjari. Ifute, fungua tena."

Akaifuta, akafungua tena. Mwenyeji.

"Zima, washa."

Akazima, akawasha. Mwenyeji.

"Basi ni proksi," fundi alisema, kwa sauti ya mtu anayemtaja shemeji asiyempenda.

Proksi ilikuwa na siku chache tu pale. Mtandao wa nje ulikuwa mwembamba, kompyuta sita ziliugombania, na matroni alichoka kusikia malalamiko. Fundi akaleta kisanduku cheusi, unene wake kama kitabu, na siku ya kukifunga aliwakusanya wote kwenye korido akawaeleza.

"Hiki ni kama tarishi. Kompyuta yako ikitaka ukurasa, haiendi yenyewe, inamtuma huyu. Anakwenda, anachukua, anakuletea. Na kama jana aliuleta uleule, anao mfukoni, hana haja ya kwenda mbali."

"Na mafaili yetu?" matroni aliuliza. "Seva iko stoo, ukuta wa pili tu hapo. Nimtume tarishi chumba cha pili?"

"Hapana, mama. Anwani za ndani tunaziandika pembeni, na kivinjari kinajua hizo kinazifuata chenyewe. Ni mstari mmoja tu."

Mstari huo mmoja ndio uliokula wiki nzima.

Kisanduku kilihitaji mahali pa baridi, penye soketi na mlango wa kufungwa, na kituo kizima kilikuwa na mahali pamoja tu pa namna hiyo: bafu la zamani mwisho wa korido, ambalo zamani zilifuliwa humo nguo za wodi. Lilifungwa kabla hata matroni hajaajiriwa, na hakuna aliyejua kwa nini. Fundi alivunja kufuli kwa nyundo, akaingia akipiga mluzi, akaweka kisanduku ukingoni mwa sinki, akachomeka waya, akatoka. Hakubisha hodi. Nani anabisha hodi kwenye bafu tupu?

Jumatatu alipita kompyuta mojamoja, akaandika namba ya seva kwenye orodha ya anwani zisizopitia proksi. Mafaili yakafunguka vizuri, watu wakampongeza. Jumanne asubuhi orodha zote sita zilikuwa tupu. Akadhani kuna mtu amefuta, akauliza, akaapiwa. Akaandika upya, safari hii akaongeza na jina la seva, na mambo yakaenda hadi saa nne, kisha neno "mwenyeji" likarudi kwenye faili la Chiriku kama mtu aliyetoka kidogo kunyoosha miguu. Jumatano aliweka tiki kwenye sentensi isemayo proksi isitumike kwa anwani za ndani. Aliitazama tiki. Ilikuwa ipo. Akaenda kunywa maji, akarudi, haipo.

Alijaribu kivinjari kingine. Alibadilisha waya. Alibadilisha swichi nzima, ile inayounganisha waya za kompyuta zote. Alianza kuongea peke yake, halafu akaanza kujijibu.

"Fundi, pumzika," karani alimwambia, akamsogezea kiti.

"Nitapumzika huyu akipumzika. Fungua tena, dada."

Hilo ndilo lililokuwa neno lake kila alipogusa kitu. Fungua tena, dada. Na karani kila mara alifungua faili lilelile, maana vidole vilishazoea, na maana nje kulikuwa na benchi la akina mama wenye ruhusa zao na mikoba iliyofungwa, hawawezi kwenda kwa sababu hakuna faili linaloaminika la kuwasomea. Hakutaka kugusa la hata mmoja wao. Mmoja alikuwa amejifungua pacha, na mwenzake wa pembeni alimshikia mmoja saa nzima bila kuombwa, huku wake mwenyewe akiwa begani. Karani aliliona hilo kupitia dirisha, na roho ikamuuma zaidi.

Alasiri ya Jumatano fundi aliburuta skrini na kibodi hadi stoo, akaviunganisha na seva yenyewe, bila mtandao wowote katikati.

"Dada, njoo uone."

Faili la Chiriku lilikuwa mbele yao. Amechukuliwa na: mama yake.

Karani alishusha pumzi. Kisha wakarudi mezani kwake, hatua kumi na mbili, wakafungua faili hilohilo. Mwenyeji.

"Kwa hiyo faili ni zima," fundi alisema polepole. "Anayelileta ndiye anayelibadilisha." Alilisema kama mtu wa kazi, lakini alipokwisha kulisema aliitazama korido.

Angalau sasa akina mama waliweza kusomewa kule stoo, mmojammoja, wamesimama kati ya maboksi. Waliondoka wote kabla ya magharibi. Mama wa pacha alimshukuru karani mara tatu kwa kitu ambacho karani aliona ni usumbufu mtupu.

Chiriku aliitwa Chiriku kwa sababu hanyamazi. Ukimwita, "abee mama" hutoka kabla hujamaliza jina, na nyuma yake hufuata habari za siku nzima, paka alifanya nini, bibi alisema nini, nani alianguka. Jioni hiyo karani alivua viatu mlangoni akaita.

"Chiriku."

Mtoto alikuwa kwenye mkeka anachora. Hakuinua kichwa. Aligeuza uso kando, upande wa mlango wa bafu, akatulia kama mtu anayerudiwa neno sikioni, akatikisa kichwa kwamba ameelewa, na baada ya hapo ndipo akasema, "Abee, mama."

Mama mkwe alikuwa akikunja nguo. Hakumtazama karani. "Yuko hivyo tangu juzi," alisema kwa sauti ya chini. "Nilidhani masikio, nimeyachungulia, hayana kitu. Sikutaka kukutia wasiwasi, mwanangu, unarudi umechoka. Nilisema nitakuambia siku ya mapumziko."

Karani alipiga magoti mkekani. "Chiriku, unamsikiliza nani?"

Uso ukageuka. Kimya. Kichwa kikatikisika.

"Anayeniletea."

"Anayekuletea nini?"

Kimya tena, kirefu zaidi, na katika kimya hicho karani alisikia harufu ya nguo mbichi na sabuni ya zamani, harufu ambayo haikuwa ya nyumba yake.

"Maneno yako," mtoto alisema. "Yanapita kwake kwanza. Mengine haleti."

Usiku huo karani alimlaza kifuani kwake, akamnong'oneza kuwa anampenda, mdomo juu ya sikio kabisa ili pasiwe na nafasi ya mtu kupita, na mtoto akageuza uso kando, akasubiri, akasubiri, na hakujibu.

Alhamisi fundi alikuwa amefika kabla yake. Kisanduku cheusi kilikuwa juu ya meza ya karani, waya wake umening'inia kama mkia.

"Nimemfukuza kazi tarishi," alisema, na macho yalikuwa mekundu. "Hana umeme, hana mtandao. Sasa kivinjari kitalalamika kwamba proksi haipo, nami nitafurahi kama mjinga. Fungua, dada."

"La Chiriku sifungui tena."

"Fungua lolote basi. Lisilo la mtu."

Akafungua ukurasa wa mwanzo wa seva. Ulifunguka mara moja, upesi kuliko siku zote. Pale juu, mahali pa kuandika jina la mtoto, jina la Chiriku lilikuwa limekwisha andikwa.

Fundi hakulalamika wala hakufurahi. Aliingia kwenye mipangilio, akakuta tiki mahali alipoitoa mara nyingi, kwenye sentensi inayoruhusu kivinjari kitafute proksi chenyewe.

"Hii ikiwa imewekwa," alisema kwa sauti ambayo karani alilazimika kuinama kuisikia, "kivinjari kikiwaka kinauliza mtandao mzima, kuna tarishi hapa? Akiwepo, anajibu, mimi hapa. Asipokuwepo, kimya."

"Na sasa?"

"Sasa imejibiwa."

Wote wawili walikitazama kisanduku juu ya meza, hakina hata taa.

Walikwenda pamoja. Kwenye swichi ukutani waya uliokwenda bafuni ulikuwa na taa ya kijani inayopepesa haraka, taa ambayo huwaka pale tu kunapokuwa na mashine upande wa pili, na waliufuata waya huo kwa macho sakafuni, chini ya benchi, pembeni mwa ukuta, hadi chini ya mlango wa bafu, na fundi aliposukuma mlango kwa ncha ya kiatu waliiona ncha ya waya imelala juu ya sakafu yenye unyevu, haijachomekwa popote, na kwenye bomba lililokauka miaka mingi kulikuwa na maji yanayotembea, na chini ya mlio wa maji, kutoka kwenye tundu la sakafuni, kulikuwa na sauti ya mtu anayerudia kitu kimoja polepole bila kuchoka, kama mwanafunzi anayekariri, na kitu hicho kilikuwa jina kamili la mtoto wa karani, la kwanza, la pili na la ukoo, jina la kwanza, la pili na la ukoo.

Fundi alirudi kinyumenyume hadi akagonga ukuta.

"Dada," alisema, "wiki nzima, umefungua mara ngapi?"

Matroni alikuwa mwanamke wa kucheka kwa sauti, na karani alitegemea kuchekwa. Hakucheka. Alifunga mlango wa ofisi yake, akasikiliza hadi mwisho, akampa karani kitambaa chake.

"Nitamwita wifi yangu," alisema.

Wifi huyo alikuwa dada wa mume wa matroni, mganga, na kwa kuwa matroni alimwita wifi, kituo kizima kilimwita Wifi. Alifika Ijumaa kabla ya adhuhuri, amevaa viatu vya plastiki na miwani ya kusomea, amekasirika kwa sababu aliacha kazi nyingine nusu. Aliomba kiti, akakaa katikati ya korido, akamnyooshea fundi kidole.

"Wewe. Nieleze kama unamweleza mtoto."

Fundi alieleza habari za tarishi.

"Kwa hiyo mkitaka habari ya mtoto, mnasimama mlangoni kwake mnataja jina."

"Si kwake, mama. Kwa kisanduku."

"Na kisanduku mlikiweka kwa nani?"

Fundi alitazama viatu vyake.

"Mmeingia chumbani kwa mtu kwa nyundo," Wifi alisema. "Hamkubisha hodi. Mmempa kazi bila kumwuliza. Mkamtajia jina la mtoto mmoja tu. Mara ngapi?"

"Mia mbili," karani alisema. "Labda zaidi."

"Na kati ya hizo mia mbili, nani alimwambia kwamba hapewi mtoto?"

Wifi alishusha miwani hadi ncha ya pua.

"Basi ameelewa kama ambavyo ningeelewa mimi. Mimi mtu akija kunitajia mtoto wake mara mia mbili mlangoni, nitatandika kitanda."

"Nilitaka nisiwasumbue watoto wa watu," karani alisema.

Wifi alimtazama juu ya miwani, na kwa mara ya kwanza uso wake ulilegea. "Najua, mwanangu. Ungekuwa mchoyo kidogo wa jina la mwanao, ukataja na ya wengine, leo tungekuwa na watoto kumi wamegeuza nyuso, lakini hakuna hata mmoja ambaye angechukuliwa mzima. Sasa nyamaza tufanye kazi."

Hawakuwahi kuianza walivyopanga. Geti lililia, na Chiriku akaingia peke yake. Alikuwa amejifunga taulo la kuogea, ndala mkononi, mguu mtupu. Nyuma yake mama mkwe alikuja akihema, kanga imemlegea, amefuata mtaa mzima.

"Simwezi," alisema. "Nimemshika, ananishinda nguvu. Mtoto huyu ananishinda mimi nguvu."

"Chiriku," karani aliita.

Mtoto hakugeuza hata uso kando. Alipita mbele ya mama yake kama anavyopita mbele ya ukuta, akaenda moja kwa moja mwisho wa korido, akasimama mbele ya mlango wa bafu, akapanga ndala zake vizuri pembeni, kama alivyofundishwa.

Karani alikimbia. Wifi alimdaka mkono, na mkono huo ulikuwa wa chuma. "Usimvute. Anavutwa na upande wa pili pia. Sema na mwenye chumba. Mwenyewe, uso kwa mlango, usimtume mtu."

Karani alisimama nyuma ya mwanawe. Mlango ulikuwa wazi kiasi cha kiganja, na ndani hakukuwa na giza tu bali kulikuwa na kitu kilichofanya giza liwe na kina, na harufu ya sabuni ilikuwa nzito hadi ikawa ladha, na alianza kusema bila kujua ataishia wapi, akasema mwenye chumba tumeingia kwako bila hodi tusamehe, tumekupa kazi bila kukuuliza tusamehe, na jina nililolitaja sikulitaja kukupa, nilikuwa natafuta faili, mimi ni karani na kazi yangu ni kutafuta mafaili, na huyu ni wangu, nilimzaa kwenye chumba cha pili kutoka hapa na nilimlilia hapa, na sikukupa, sikukupa, sikukupa.

Maji yalinyamaza.

Aliyejibu alikuwa Chiriku, kwa sauti yake ileile ndogo, lakini bila uchangamfu wowote, kama mtoto anayesoma maandishi ya mtu mzima.

"Anasema alitumwa na alileta. Kila mara alileta. Hakuna aliyemwambia basi. Anasema aliyezoea kutumwa hakai bure. Kama hakuna pa kumtuma, aniingize ndani afunge mlango."

"Mtume," Wifi alinong'ona. "Upesi. Mtume akalete kitu."

"Kitu gani?"

"Kisichokuwepo."

Fundi alikuwa wa kwanza kuelewa. Alimshika karani bega akamkimbiza mezani. "Kivinjari bado kinamtumia yeye," alisema. "Andika namba hii. Hakuna mashine yenye namba hii, hapa wala popote. Halafu andika unataka faili la nani."

Karani aliandika namba. Vidole vilisimama. Faili la nani? Aliogopa kuandika jina lolote lililowahi kuwa la mtu, jirani, marehemu, mtoto wa hadithi, na kule mwisho wa korido aliona mkono wa Chiriku umegusa mlango, na akaandika kitu pekee ambacho aliamini kwamba hakipo duniani.

Mtoto wa mwenyeji.

Akabonyeza.

Kigurudumu kidogo kwenye skrini kilianza kuzunguka. Kwenye bafu kitu kizito kilinyanyuka, kama mtu anayeinuka kitini kwa haraka baada ya kukaa miaka mingi, na upepo wenye harufu ya nguo mbichi ukapita kwenye korido, ukapeperusha makaratasi ya matroni, ukatoka. Taa ya kijani kwenye swichi ilizimika.

"Mama," Chiriku alisema. "Mbona niko na taulo?"

Karani hakumbuki alivyofika pale. Alimnyanyua, akamwita jina, akaitikiwa kabla hajamaliza, akamwita tena kwa sababu tu ya kuitikiwa. Mama mkwe aliketi sakafuni akalia kimyakimya, na mfagizi, ambaye hakuwa ameelewa chochote, alimletea glasi ya maji na kumsugua mgongo.

"Sasa sikilizeni," Wifi alisema akivaa miwani upya. "Mashine hiyo msiizime. Ukurasa huo msiufunge. Mkiufunga, mmemwambia arudi. Na hizo nyingine ziacheni kuuliza ovyo nani yupo."

Fundi alifanya hivyo siku hiyohiyo. Katika kompyuta tano alitoa tiki ya kutafuta proksi, akachagua pasiwe na proksi kabisa, akazivutia waya mmojammoja hadi stoo. Jumatatu mipangilio ilikuwa palepale. Jumanne ilikuwa palepale. Alipita kila asubuhi kuitazama kama mtu anayetazama kidonda kinachopona, na Ijumaa alileta kufuli jipya, akabisha hodi mara tatu, akasubiri, ndipo akafunga bafu. Mtandao wa nje ulirudi kuwa mwembamba. Hakuna aliyelalamika.

Kompyuta ya sita, ile ya karani, ilisogezwa ikiwa inawaka vilevile hadi kona ya masjala, ikafunikwa kitambaa, kigurudumu kikizunguka chini yake. Karani alikaa mita tatu kutoka hapo. Wiki ya pili alikifunua kitambaa kufuta vumbi, akaona chini ya kigurudumu kuna maneno ambayo hayakuwepo.

Bado natafuta.

Kesho yake yalikuwepo tena, na keshokutwa. Hakumwambia mtu. Alikuwa mama, na alijua alichomfanyia huyo kiumbe: kumwambia ana mtoto, kisha kumtuma amtafute mahali ambapo hayupo. Kila asubuhi alifunua, akasoma, akasema "pole" kwa sauti ndogo, akafunika. Nyumbani Chiriku alikuwa akiongea hadi watu wanamwomba anyamaze, na kila alipoongea karani alishukuru, na kila aliposhukuru alikumbuka kule kona.

Siku moja, saa ya chakula cha mchana, masjala ikiwa tupu, alifunua kitambaa akakuta kigurudumu kimesimama. Kulikuwa na maneno mapya, na chini yake kisanduku cheupe cha kujazia jibu, mshale mwembamba ukiwaka na kuzimika ndani yake.

Nimefika mbali. Nimeuliza kila mahali. Mwanangu ana umri gani?

Macho ya karani yalijaa machozi. Miaka sita alikuwa amejaza fomu za watoto, na mkono wake ulikuwa na desturi ya kujaza mahali palipo wazi kabla kichwa hakijafika. Aliisikia kibodi ikilia mara moja. Alipotazama, kwenye kisanduku kulikuwa na 4.

Aliifuta. Hakubonyeza kutuma, aliifuta, akaivuta mikono yake akaikalia, akabaki hivyo hadi matroni aliporudi na sahani yake mkononi.

Matroni alisoma skrini. Aliweka sahani chini taratibu sana.

"Umeandika kitu?"

"Nimefuta."

"Sikuulizi kama umefuta," matroni alinong'ona. "Nakuuliza kama uliandika."

Karani alikuwa anatazama nyuma ya bega la matroni, kwenye skrini, ambapo kigurudumu kilikuwa kimeanza tena kuzunguka, upesi, kama cha mtu ambaye sasa anaijua njia.